Kaka Aliyegeuka Kuku

Nyumba yetu ya Tanga ina meza moja tu ya maana, ya mninga, imekaa chini ya dirisha linalotazama mnazi. Watoto hufanyia hapo kazi za shule, mama mkwe wangu hudarizia hapo kofia za wateja wake, mume wangu husahihishia hapo madaftari ya wanafunzi, na jua likianza kuinama mimi huwasha redio na kupiga alama za Morse. Hakuna aliyewahi kukubali kuhama. Dirisha hilo ndilo lenye mwanga wa kutosha kutia uzi kwenye sindano, na ndilo lililo karibu na waya wa antena, mita kumi hivi kutoka kwenye paa hadi mnazini, urefu unaofaa kwa masafa ya megahezi 14. Anayetaka kuelewa jinsi padeli yangu mpya ilivyoivuruga nyumba nzima lazima aanzie mezani.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa simu wa reli kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Yeye alitumia ufunguo wa shaba wa kubonyeza: ukigusa na kuachia ni nukta, ukikawia ni kistari, na urefu wa kila kimoja unautoa mwenyewe kifundoni. Makarani wa stesheni nyingine walimtambua kwa mkono wake kabla hajajitaja. Alinifundisha kwa mdomo, di-daa, di-daa, tukiwa tunachambua mchele.

Padeli ni chombo kingine. Ina mikono miwili ya chuma iliyosimama sambamba. Kidole gumba kinausukuma mmoja, kidole cha shahada kinausukuma wa pili. Wa kwanza unatoa nukta, wa pili vistari, na saketi ndogo iliyomo ndani ya redio inapima yenyewe: kistari kina urefu wa nukta tatu, na kati ya alama na alama ndani ya herufi moja kuna kimya cha nukta moja. Kwa mwendo wangu wa kawaida, maneno 20 kwa dakika, nukta ni milisekunde 60. Ukiibana mikono yote miwili kwa pamoja, nukta na vistari hupokezana mpaka uachie. Urefu hauwezi tena kukosewa. Kinachobaki kwa mpigaji ni kujua lini aguse na lini aachie, na hapo ndipo padeli mbovu inapomuumbua mtu.

Ya zamani niliiunda kwa vipande viwili vya msumeno wa kukatia chuma nilivyovifunga kwenye kibao. Naiheshimu, maana wapigaji wengi duniani wameanza na iliyo kama hiyo. Ila ilikuwa nyepesi. Nikichangamka ilitambaa mezani mpaka kwenye nyuzi za mama mkwe, nami nikawa namalizia sentensi huku mkono wa kushoto umeishikilia. Bamba la msumeno nalo ni kaidi: kadiri unavyolisukuma ndivyo linavyozidi kukupinga. Na hewa ya bahari ilizivika skrubu za shaba kutu ya kijani, umeme ukawa unapita unapotaka.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi tunaopiga kwa Kiswahili. Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail walipopanga alama zao waliipa E nukta moja tu, kwa sababu ndiyo herufi inayotumika mno katika Kiingereza. Kiswahili kinaishi kwa A. Andika SALAMA: A tatu. Andika BARABARA: A nne. Na A ni nukta ikifuatiwa na kistari, kwa hiyo kila mara gumba linaanza na shahada inapokea. Mpigaji wa Kiingereza anaweza kuvumilia upande mmoja ulio mzito kidogo kuliko mwenzake. Mkono wa Kiswahili unavuka kutoka upande hadi upande katika kila silabi, na tofauti ndogo ya uzito inausumbua. Nilitaka padeli yenye pande mbili zilizo sawa kabisa, na nilikuwa tayari kuihangaikia.

Shemeji yangu aliniuliza kwa nini nijisumbue, maana hakuna tena anayelazimishwa kujua Morse. Ni kweli. Tarehe 1 Februari 1999 meli zilihamia rasmi kwenye mfumo mpya wa kuomba msaada baharini, na mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliziachia nchi hiari ya kumdai au kutomdai mtu wa redio ya ridhaa mtihani wa Morse. Nikamwambia aje siku ambayo anga ni chafu, sauti ya binadamu imezama kwenye mlio wa radi za mbali, na nukta nyembamba bado zinasikika kutoka ng'ambo ya bahari. Alikuja, akasikiliza, akaomba chai, na tangu hapo hajauliza.

Kazi ilianza na mlango. Baba alipostaafu alikuja nyumbani na kipande cha reli, urefu wake shubiri, na miaka yote kilikuwa kikizuia mlango wetu wa mbele usibamizwe na upepo wa kusi. Sikujua chuma kingine kinachofaa kuwa kitako cha padeli kuliko hicho, kwa uzito wake na kwa alikotoka. Fundi mchonga vyuma alikikata katikati, akailaza nusu moja kwenye mashine yake mpaka juu pakawa bapa, akatoboa matundu ya skrubu. Nusu niliyorudi nayo ilikuwa na kilo mbili na ushei, na ilipotua mezani haikusogea hata kwa kusukumwa. Mlango, kwa upande wake, ukapata uhuru. Usiku wa kwanza ulibamizwa mpaka mtoto mchanga akaamka, mume wangu akaweka ndoo ya mchanga, kuku wa jirani wakaupekua mchanga, na kila asubuhi kukawa na kufagia ambako hakukuwepo zamani.

Kisha ikaja habari ya fedha. Metali inayopitisha umeme vizuri kuliko zote ni fedha, na inafaa sana kwa ncha zinazogusana. Mama mkwe wangu alikuwa na bangili ya fedha iliyokatika kwenye kifungo. Sikuthubutu kuitaja. Yeye mwenyewe, baada ya kunisikiliza nikimwelezea mume wangu, alikwenda chumbani akarudi nayo ndani ya leso. "Mwanangu," akasema, "bangili iliyolala sandukuni haimpambi mtu. Chukua kipande cha kazi yako, lakini inayobaki iungwe imtoshe mjukuu wangu." Sonara wa Ngamiani akatimiza yote mawili. Alitoa vichwa vinne vya fedha vidogo kuliko punje ya mtama, akavichomea kwa utulivu kwenye mikono na kwenye vinguzo viwili vya shaba, na bangili ikarudi ikiwa imepungua na kung'aa. Binti yetu hajaivua.

Vinguzo hivyo havitakiwi kugusana na kitako. Umeme wa padeli ni mdogo sana, lakini mikono yote miwili na kitako cha chuma vimeunganishwa upande mmoja wa waya, na kila kinguzo kina waya wake. Kinguzo kikigusa chuma, redio inaamini kwamba kidole kimebonyeza. Kwa hiyo tuliviweka juu ya washa za plastiki tulizozikata kwenye kifuniko cha ndoo.

Mwisho tukafika kwenye kinachorudisha mikono mahali pake. Springi ina tabia ileile ya bamba la msumeno, inapinga zaidi kadiri unavyokwenda mbele. Sumaku ni kinyume chake: zinaposhikana zina nguvu, na mara tu zikitengana nguvu inashuka haraka. Kidole kinahisi kizuizi kidogo mwanzoni, kisha njia inafunguka, na mkono ukiachiwa unarudi kwa haraka inayopendeza. Mume wangu alileta diski ya kompyuta iliyokufa shuleni kwake; ndani yake mna sumaku ndogo zenye nguvu ya kubana kidole mpaka kiwe chekundu. Hizo ndizo nilizotumia.

Sasa kurekebisha. Haya ndiyo mambo ambayo ningeweza kuyazungumza mpaka usiku wa manane. Unaanza kwa kuhakikisha mikono inacheza kwa uhuru bila kuyumba juu na chini. Halafu unatafuta mwanya kati ya ncha na ncha. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na huo ni mwanzo mzuri: ipitishe katikati, kaza skrubu mpaka karatasi iguswe, kaza nati, vuta karatasi. Mwanya ukiwa mwembamba mno, pumzi tu ya kidole inatoa nukta usizoziita. Ukiwa mpana mno, kidole kinachelewa kufika na herufi inakatika mkia. Kisha unaisogeza sumaku karibu au mbali, na hapo utagundua kwamba ulichokipata mwanzo kimehama, kwa sababu mkono uliovutwa kwa nguvu unahitaji mwanya tofauti na uliolegezwa. Unarudi kwenye karatasi. Upande wa nukta ukikubali, unahamia wa vistari, na vistari vikikubali unagundua nukta sasa zinaonekana nzito. Mimi hupiga MAMA, MAMA, MAMA, nimefumba macho, mpaka nisahau kuna pande mbili. Mama mkwe hajui herufi hata moja ya Morse, lakini ana sikio. "Leo unakwaruza," huniambia, akiwa haondoi macho kwenye kofia. Na huwa ni kweli.

Tabu ikawa kwamba binti yangu anajifunza. Mkono wake ni mzito, anapenda mwanya mpana na sumaku ya karibu, na nilipotoka sokoni nilikuta skrubu zimezungushwa. Nilipozirudisha, akanilaumu. Hapana kipimo cha kati kilichomridhisha yeyote. Nilikijaribu, na sote wawili tukapiga vibaya. Shauri alilitoa yeye: tukatia doa la rangi ya kucha nyekundu pale zinapokaa skrubu zangu, na la zambarau pale zinapokaa zake. Tangu hapo kila mmoja huzungusha mpaka kwenye rangi yake kabla ya kukaa.

Kila wiki nina miadi na mtu wa Maskati, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Omani na wazazi wake. Baba yake alikuwa karani kwenye ofisi ya kebo ya Unguja, mji uliounganishwa kwa waya wa chini ya bahari na Aden na Durban tangu mwaka 1879, kwa hiyo sisi ni watoto wa kazi moja. Kati yetu kuna kama kilomita 3,800. Tunazungumza Kiswahili, yeye akiniita DADA, nami nikimwita KAKA.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, mama mkwe aliinua kichwa akasema, "Sindano siioni."

Asiyekuwa na mtoto anayetambaa hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Kitinda mimba wetu alibebwa juu kama amemwagikiwa maji ya moto, akakabidhiwa baba yake, na watu wote wakaamriwa wasiketi. Mito ilipapaswa. Mkeka ulikunjwa, ukakunjuliwa, ukakung'utwa uani. Ilikuwa sindano nyembamba ya kudarizia, na uzi mweupe mfupi kwenye tundu lake. Mwanangu wa kiume alikumbuka spika mbovu iliyokuwa stoo, akang'oa sumaku yake, akaifunga kamba na kuiburuta sakafuni chumba kwa chumba. Ilikamata pini za hijabu, vizibo vya soda, msumari, na nusu ya wembe uliokuwa chini ya kabati, ambao hakuna aliyejua umefikaje. Tukashukuru Mungu kwa wembe. Sindano haikuonekana.

Miadi ilifika. "Kaa uzungumze naye," mama mkwe akaniambia, "lakini usikawie, godoro la chumbani linahitaji watu wawili." Nikageuza skrubu kwenye doa jekundu, nikaita, akaitika mara moja, mlio wake mzuri kabisa. Nikampigia HABARI KAKA.

Kukawa kimya kidogo. Kisha: KUKU GANI DADA.

Nikamrudia, KAKA. Akajibu tena, KUKU. Nilikuwa nimesikia mwenyewe kwenye spika ya redio kwamba kuna nukta ya ziada. A ni nukta na kistari. Ukiitangulizia nukta moja inakuwa U. Kwenye K mambo yalibaki salama, kwa sababu ninapopiga K shahada haiachii upande wa vistari, na nukta ya katikati ikiisha tu kistari kinaingia, hakuna upenyo. Kwenye A, kabla shahada haijafika, kuna upenyo mdogo, na nukta ya kizuka ilikuwa ikipenya hapo. Nikampigia herufi chache za kumwomba asubiri. Mama mkwe alikuwa ameshaita kwa mara ya pili, nikaenda kuinua godoro, redio ikabaki inanguruma pale mezani.

Ua wa pili kulikuwa na sherehe ya kumfunda bi harusi, na kungwi alikuwa kwenye kipaza sauti tangu asubuhi. Tukiwa tumeshika pembe za godoro, sauti yake ikakatwa na mlio: ti ti ti ti ti ti, mfululizo, bila kupumua. Tulisikia wanawake wakicheka, fundi wa muziki akigonga mtambo wake. Waya mrefu wa spika ukiwa jirani na antena huokota nguvu ya redio na kuipeleka kwenye spika. Binti yangu ndiye aliyeelewa kabla yetu sote. "Mama, ile ni padeli yetu!" Akakimbia, akazima redio, na sauti ya kungwi ikarudi katikati ya nasaha. Mume wangu akavuka uzio na mtoto mkononi kwenda kuwaeleza wenyewe.

Nilivuta kiti, nikaichomoa antena na kuwasha redio tena kwa mlio wa majaribio tu. Nukta zilikuwa zikitiririka. Nikakata kipande cha karatasi tupu, nikakipenyeza kati ya ncha mbili za fedha upande wa nukta, mahali ambapo umeme hauwezi kuvuka karatasi. Nukta zikaendelea. Basi ncha hazikuwa na hatia, wala mwanya, wala rangi ya kucha. Kitu kingine kilikuwa kikiunganisha kinguzo na kitako. Mwanangu akashika tochi, nikainama mpaka shavu likagusa meza, na pale nyuma ya kinguzo, kwenye kivuli cha sumaku, niliuona uzi mweupe.

Sindano ilikuwa imelala kwenye chuma cha reli, ncha yake ikiegemea shaba juu ya washa ya plastiki. Sumaku zilikuwa zimekitia kitako nacho nguvu ya kuvuta, na kwa kuwa mama mkwe huweka sindano yake ukingoni mwa kitambaa kila anapokunywa maji, ilivutwa kimyakimya. Mwanzoni ilining'inia ikitetemeka kila mkono uliporudi, na mtetemo huo ndio uliokuwa nukta ya kizuka. Tulipokuwa tukivuta samani, ikajilaza vizuri.

Mama mkwe aliishika, akaihesabu na wenzake kwenye kijaluba, akakaa kitako kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Hakumlaumu yeyote. Alitaka kujua jambo moja: ile sumaku ya spika ina mwenyewe? Mwanangu akaigandisha kwa gundi chini ya ukingo wa meza, upande wake, na sasa sindano zote hulala hapo, kando ya mkono wake wa kulia. Padeli imepata kifuniko cha plastiki angavu, kilichokuwa kopo la aiskrimu, chenye upenyo wa vidole tu.

Kaka wa Maskati alikuwa bado anasubiri niliporudi. Safari hii KAKA ilifika nzima. Nikamweleza habari yote, sindano, godoro na kungwi, na ilichukua muda, maana maneno 20 kwa dakika si mengi kwa kisa cha nyumba. Akajibu kwamba tushukuru padeli yake haikupata sindano, kwa sababu DADA ingenifikia DUDU.

Asubuhi niliirekebisha upya kuanzia kwenye karatasi ya daftari, kwa kuwa mtikisiko wa samani ulikuwa umehamisha sumaku ya vistari. Mwanya wangu sasa ni mwembamba kidogo kuliko zamani. Binti yangu hakutaka hata kuujaribu. Anataka ya kwake, yenye kitako chake na mikono mirefu zaidi. Nusu ya pili ya reli, iliyobaki kwa mchonga vyuma, iko kwenye mashine yake tangu juzi, na mlango tumeupigia komeo.